Zakayo alishuka mara moja, sisi je?

MWAKA wa 2024 jina la Zakayo lilikuwa kila mahali. Liliimbwa barabarani jijini Nairobi, likaandikwa kwenye mabango, likazunguka TikTok usiku na mchana. Lilitoka hata kwenye midomo ya wasee ambao mara ya mwisho kufungua Biblia ilikuwa somo la CRE shuleni. Kila mtu alielewa maana yake bila kuelezwa: ushuru umezidi, na aliye juu ya mti ashuke.

Shida ni kwamba tulichukua nusu ya kisa tukaacha nusu.

Katika Luka 19, Zakayo ni mkuu wa watoza ushuru mjini Yeriko. Ana doo, ni mfupi, na watu hawampendi. Anapanda mkuyu ili amwone Yesu akipita. Yesu anafika chini ya ule mti, anainua macho, anamwita kwa jina na kumwambia ashuke upesi kwa sababu leo atakuwa mgeni wake. Zakayo anashuka. Haombi muda wa kufikiria, haundi jopokazi. Anampokea mgeni kwa furaha, kisha anasimama na kusema nusu ya mali yake itaenda kwa maskini, na kama kuna mtu amemdhulumu, atamrudishia mara nne.

Sasa soma tena polepole. Hakuna mahali Yesu alimwambia arudishe pesa. Aliambiwa ashuke tu. Hayo mengine yalitoka kwake mwenyewe, siku hiyo hiyo, mbele ya majirani waliomjua vizuri. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika katika nyumba ile.

Kwa hivyo tulimgeuza Zakayo kuwa tusi, kumbe ndiye mfano wa mtu aliyesikia Neno na kulifanyia kazi kabla jua halijatua. Na kama yeye aliitwa mara moja akashuka, sisi tunaoitwa kila Jumapili tunangoja nini?

Mtoto hasikii

Kiswahili kilishalimaliza jambo hili kitambo. Mama akisema "huyu mtoto hasikii," hakuna jirani atakayemshauri ampeleke kwa daktari wa masikio. Kila mtu anaelewa. Mtoto amesikia vizuri sana kwamba aoshe vyombo, ni vile tu bado yuko kwa simu. Mtoto msikivu naye si yule mwenye masikio makali, ni yule anayetumwa akaenda. Tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hakuna anayefikiri methali hiyo inawazungumzia viziwi.

Biblia inatumia lugha ya aina hiyo hiyo. Katika Kumbukumbu la Torati 6:4 kuna maneno ambayo Wayahudi hukariri kila siku, yanayoanza kwa kuwaita Waisraeli wasikie. Neno la Kiebrania lililotumika pale, shema, hubeba kusikia na kutii kwa pamoja. Ukisikia usitende, kwa hesabu ya neno hilo hujasikia bado.

Sasa angalia mji wetu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya ni Wakristo. Ukipanda matatu asubuhi, kuna stika ya zaburi juu ya kioo cha dereva. Saa ya lanchi, wahubiri wako Jeevanjee. Jioni ukirudi keja, kuna kesha na spika zimeelekezwa dirishani kwako. Ukifungua WhatsApp, shangazi ameshatuma mstari wa siku, na umewekewa maua.

Neno tunalo la kutosha. Lakini makanga aliye chini ya ile stika ya zaburi anapandisha nauli mara mbili mvua ikinyesha, na abiria aliyetoka kanisani anakaa kimya akirudishiwa chenji iliyozidi. Nchi iliyosikia hivi ndiyo hiyo hiyo inayolia ufisadi kila wiki. Kama kusikia peke yake kungekuwa ndiyo imani, Kenya ingekuwa lango la mbinguni.

Nyumba mbili, mvua moja

Kuna kisa kingine ambacho tulikiimba Sunday school tukipiga makofi, hadi tukakichukulia kama hadithi ya watoto. Mathayo 7: mtu mmoja alijenga juu ya mwamba, mwingine juu ya mchanga. Mvua ikaja, mafuriko yakaja, nyumba moja ikasimama, nyingine ikaanguka.

Watu wengi wanadhani aliyejenga mchangani ni mpagani, yule msee asiyeenda kanisa. Sivyo. Yesu anasema wote wawili waliyasikia maneno yake. Walikaa ibada moja, pengine hata benchi moja. Tofauti ni kwamba mmoja aliyatenda na mwingine hakuyatenda. Na kabla ya mvua kunyesha, nyumba zote mbili zilionekana nyumba.

Sisi wa Nairobi tunapaswa kukielewa kisa hiki kuliko mtu yeyote. Usiku wa Aprili 29, 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma na zaidi ya watu 50 wakafa. Lilikuwa karibu na mto. Baadaye ikajulikana kwamba mamlaka zilikuwa zimeshaliorodhesha kati ya majengo hatari ya kubomolewa. Onyo lilitolewa, likasikika. Hakuna aliyelitekeleza, na kodi ya nyumba iliendelea kulipwa hadi mvua ilipokuja.

Waliokufa pale hawakuwa wamekosea lolote, walikuwa wapangaji wanaotafuta maisha kama wewe na mimi. Na hapo ndipo kuna uchungu. Mtu akisikia asitende, mara nyingi anayeangukiwa na ukuta ni mwingine kabisa. Ofisa anayejiita Mkristo anachukua kitu kidogo apitishe ramani mbovu, na anayelala ghorofa ya chini ni mama wa watoto watatu. Kutotii si siri kati yako na Mungu. Kuna mtu anaishi ndani ya ile nyumba unayoijenga.

Nyanya zetu walirudisha vitu

Kama unadhani haya ya kusikia na kutenda mara moja ni ya kwenye Biblia tu, muulize nyanya yako kuhusu Uamsho.

Mwaka wa 1929, daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutokana na urafiki huo, na wengine kama Blasio Kigozi, nduguye Nsibambi aliyefundisha Gahini, moto ukaanza kusambaa. Kufikia 1937 kikosi cha Uamsho kilikuwa kimefika Kabete, karibu kabisa na Nairobi. Ndiyo maana hadi leo, ukienda matanga ya mzee aliyeokoka zamani, utasikia wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza ukiimbwa na watu ambao Kiganda hawakijui.

Kilichowashangaza watu hakikuwa mahubiri, mahubiri yalikuwepo tangu zamani. Ni yale yaliyofuata. Mtu aliguswa na Neno, kesho yake anafunga safari kurudisha alichoiba. Vifaa vya mwajiri vilirudi, madeni yaliyosahaulika yakalipwa. Watu waliungama mbele ya wenzao, wakaombana msamaha, Mwafrika na Mzungu, kabila hili na lile, katika miaka ambayo ukoloni ulikuwa umewatenganisha kwa kila kitu. Huko ndiko walikokuita kutembea nuruni.

Kisha ikaja hali ya hatari mnamo Oktoba 1952. Katika eneo la Kati, ndugu wa Uamsho walijikuta katikati. Walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wameshafungwa na damu ya Yesu. Baadhi yao walikataa pia bunduki za serikali ya mkoloni walipotakiwa kujiunga na walinzi, kwa sababu hawakutaka kumuua jirani. Kwa hivyo huku walishukiwa, na kule walishukiwa. Wako waliouawa.

Unaweza kubishana nao kisiasa. Mimi mwenyewe natokana na kizazi kinachowaheshimu waliopigania ardhi, na siwezi kusema chaguo lilikuwa rahisi kwa yeyote. Lakini jambo moja huwezi kuwanyima: walichosikia Jumapili ndicho walichokifanya usiku ule mlango ulipobishwa. Imani yao ilikuwa na anwani, jirani alijua inakokaa.

Cheti cha River Road

Sasa tuje kwetu, maana hakuna atakayekubishia mlango leo na panga akuulize kama umeokoka. Sisi mtihani wetu huja na lugha laini.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa. Tangu hapo nimeambiwa mara nyingi, na watu wanaonipenda, kwamba kuna jamaa mjini anayeweza kunisaidia. Unampa jina, unampa kozi, unampa kitu kidogo, baada ya siku chache una diploma yenye muhuri unaong'aa kuliko ya ukweli. Mmoja wa walionishauri hivyo ni kiongozi wa kwaya. Aliniambia, "Akili unayo, kinachokosekana ni karatasi tu. Mungu anaelewa."

Na siyo sisi wawili tu tunaoijua njia hiyo. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za serikali ulikuwa umefichua vyeti feki zaidi ya 2,000. Mahakama zimewaagiza baadhi ya waliokamatwa warudishe mishahara yote waliyolipwa. Ukiikumbuka ile asilimia 80, sidhani kama wengi wao walikuwa wageni kanisani.

Kutoka 20:16 inakataza ushahidi wa uongo. Amri hiyo haina kipengele cha "isipokuwa uchumi ukiwa mbaya." Na cheti feki ni ushahidi wa uongo uliopigwa chapa. Kinasema nilikuwa mahali ambapo sikuwa, na nilifanya mtihani ambao sikuufanya. Tena kinamnyang'anya nafasi msee ambaye mama yake aliuza ng'ombe ili amalize masomo.

Kwa hivyo kwenye CV yangu nimeandika ukweli: nilisoma hadi mwaka wa pili. Na hapa ndipo unangoja ushuhuda, kwamba bosi mmoja aliguswa na uaminifu wangu akanipa kazi yenye gari. Haukuja. Kuna nafasi mbili nilizozitaka sana, zote zikaenda kwa wenye karatasi. Naandika, nafanya vibarua vya mitandaoni, kodi nalipa kwa kujikaza.

Nasema hivi makusudi, kwa sababu kuna mahubiri mengi mjini yanayouza utiifu kama shamba la haraka: panda hiki, uvune mara mia kabla ya mwezi kuisha. Zakayo siku ile alitoka na pesa kidogo kuliko alizokuwa nazo asubuhi. Utiifu una gharama, na wakati mwingine risiti haiji. Kama tunatii tu pale tunapolipwa, huo ni mkataba wa kazi, si imani.

Unamsikia nani?

Mtu atasema, basi tutii tu, tuache maswali. Hapana, ndugu yangu. Nchi hii ina kaburi linalotukumbusha hatari ya hilo.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Idadi ilipita 400, na wengi walikuwa watoto. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, ambaye anadaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye ameyakana mashtaka mahakamani. Lakini kuhusu wale waliolala kwenye udongo ule, hakuna anayeweza kusema hawakuwa watiifu. Walitii kupita kiasi. Walichotii ndicho kilichokuwa na shida.

Kwa hivyo kusikia Neno la Mungu na kusikia mtu anayesema ana Neno la Mungu ni vitu viwili. Katika Matendo 17:11, watu wa Beroya walihubiriwa na Paulo mwenyewe, si mchezo, na bado kila siku walifungua Maandiko kuangalia kama anayosema ni kweli. Biblia haikuwaita waasi kwa hilo, iliwasifu.

Mimi nina vipimo viwili vya mtaani. Kwanza, anayenitaka nitii, yeye mwenyewe anatii nini? Kama kila neno analoletewa na Mungu linaniagiza mimi nitoe na yeye apokee, naanza kuangalia mlango uko wapi. Pili, je, agizo hilo linanipeleka kumpenda Mungu na jirani, au linanitenga na mama yangu, dawa yangu na akili yangu?

Makanisa yenyewe pia yanapimwa. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilisema linarudisha mchango ambao Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto. Ndani yake kulikuwa na shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri. Watu walibishana wiki nzima, wengine wakisema kanisa linajifanya. Lakini wengi wetu vijana, tuliokuwa tumechoka kuona madhabahu ikigeuzwa jukwaa la siasa, tulikaa wima kidogo.

Katika 1 Samweli 15, Mfalme Sauli aliagizwa asichukue nyara. Akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, na alipoulizwa akasema ni za kumtolea Mungu sadaka. Nabii Samweli akamwambia waziwazi kwamba Mungu hataki sadaka badala ya utiifu. Kisa hicho kingesomwa kabla ya kila harambee.

Ujumbe wa M-Pesa

Najua kuna mtu tayari ananingoja na Waefeso 2, kwamba tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Kweli kabisa. Lakini endelea kusoma hadi aya ya 10: inasema tumeumbwa ili tuyafanye matendo mema. Mistari hiyo imekaa pamoja, ni sisi tunaoitenganisha.

Fikiria M-Pesa. Ukitumiwa pesa, unapata ujumbe. Ule ujumbe si pesa. Huwezi kuula, na haukuleta pesa. Unathibitisha tu kwamba kitu kimeingia kwenye akaunti. Utiifu uko hivyo. Haumlipi Mungu wala haununui wokovu, ila unaonyesha kwamba neema imeingia kweli.

Na kila mwenye duka anajua kuna ujumbe feki. Mteja anakuonyesha simu, jina liko sawa, kiasi kiko sawa, lakini ukiangalia salio hakuna kitu. Katika Mathayo 7:21 Yesu anasema wazi kwamba si kila anayemwita Bwana ataingia mbinguni, ila yule anayefanya mapenzi ya Baba. "Bwana asifiwe" ni maneno mazuri. Siku ile, salio ndilo litakaloangaliwa.

Hili linapaswa kututisha kidogo, na pia kutupa moyo. Katika Mathayo 21 kuna baba aliyewatuma wanawe wawili shambani. Mmoja alisema hataki, halafu akabadili nia akaenda. Wa pili alijibu vizuri, kwa heshima zote, na hakwenda. Yesu akauliza ni yupi aliyefanya mapenzi ya baba. Kwa hivyo kama wewe ni yule aliyekuwa akisema hataki, hujachelewa. Shamba bado liko.

Usianze na Biblia nzima. Anza na jambo moja ulilolisikia na ukajua kabisa ni wewe uliyekuwa ukiambiwa. Pengine ni dame uliyemwahidi ndoa ili tu upate ulichotaka. Pengine ni pesa za chama zilizopitia mkononi mwako zikapungua. Pengine ni mama wa kibanda aliyekuandikia chapo na maharagwe kwenye daftari lake tangu ulipokuwa huna kazi, na sasa unazunguka njia ya nyuma ili asikuone.

Jumapili ijayo utasikia mahubiri mengine, pengine matamu zaidi. Yale ya wiki iliyopita bado yanangoja. Mama wa kibanda anafungua saa kumi na mbili asubuhi, na namba yake ya kulipia imeandikwa mlangoni.